Kumkabili Anayetupinga

Mwalimu wa lugha huulizwa maana za maneno kila siku, na aghalabu hujibu papo hapo. Yapo maneno machache, hata hivyo, ambayo kuyajibu kwa haraka ni kumpunja mwanafunzi. Miongoni mwa hayo ni kitenzi cha Kiingereza "confront", ambacho wanafunzi wetu wa sekondari hukutana nacho katika magazeti, katika vitabu vya historia na katika mazoezi ya tafsiri. Tukiyasahihisha mazoezi hayo twaona mmoja ameandika "kupinga", wa pili "kukabili", wa tatu "kushambulia", wa nne "kukutana na". Kila mmoja wao ana hoja yake, na hakuna aliyekosa kabisa. Lakini baina ya kumpinga mtu, kumshambulia na kumkabili pana tofauti kubwa, na tofauti hiyo haiishii katika kamusi. Inaingia katika mwenendo wa watu.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno hilo pamoja na maneno yetu yanayolikaribia, kisha tuulize swali lililojificha ndani yake: mtu anayetupinga anatudai nini? Je, hatudai kitu chochote, kwa kuwa amejitenga nasi mwenyewe? Au liko deni ambalo hata mpinzani hulidai, nasi hatuna budi kulilipa?

Swali hili si la kupitishia wakati. Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda tunafundisha lugha ambayo imepingwa nchini humu kwa muda unaokaribia miaka mia moja. Na wanaoipinga si watu wa mbali. Ni majirani zetu, ni wazazi wa wanafunzi wetu, na pengine ni walimu wenzetu tunaoketi nao chumba kimoja.

PAJI KWA PAJI

Asili ya "confront" ni Kilatini. Ndani yake mna neno "frons", yaani paji la uso, likitanguliwa na kiambishi chenye maana ya "pamoja". Kwa hiyo picha iliyomo ni ya watu wawili waliosimama paji kwa paji. Neno hilo liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa katika karne ya 16. Katika Kilatini cha zama za kati lilitumika pia kwa ardhi zinazopakana, yaani shamba linaloelekeana na shamba. Nao Wafaransa hata leo hulitumia kwa maana ya kuwakutanisha mashahidi wanaohitilafiana, na kwa maana ya kuweka maandishi mawili sambamba ili yalinganishwe. Msomaji atazame vizuri: katika maana hizi zote hamna ngumi wala upanga. Mashamba yanayopakana hayapigani. Hayawezi tu kukwepana.

Katika Kiingereza cha siku hizi twaweza kuyagawa matumizi ya kitenzi hicho katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni kusimama mbele ya mtu kwa ushindani, kama askari wanapowakabili waandamanaji. La pili ni kuingia kwa hiari katika jambo gumu badala ya kulikimbia, kama mtu anapoukabili woga wake au maradhi yake. La tatu ni pale jambo lenyewe linapokuwa mtenda, kama tusemapo kwamba matatizo fulani yanatukabili. La nne ni kumwekea mtu ushahidi mbele ya macho yake ili aukiri au aukanushe, kama mkuu wa shule anapomwonyesha mtunza fedha hati zenye sahihi yake.

Kwa upande wa sarufi, kitenzi hicho huchukua yambwa yake moja kwa moja, pasipo kihusishi. Kihusishi hujitokeza katika fungu la nne, na pia kitenzi kinapokuwa katika kauli ya kutendwa. Wanafunzi wetu hukosea hapa mara kwa mara kwa kuwa Kiswahili husema "kukabiliana na", nao huibeba hiyo "na" hadi katika Kiingereza ambako haitakiwi. Yafaa mwalimu awaonyeshe tofauti hiyo mapema, kabla mazoea hayajakomaa.

Fungu la tatu lataka uangalifu wa namna nyingine. Tunasoma kwamba upungufu wa madawati unazikabili shule, au kwamba umaskini unaikabili jamii. Sentensi hizo ni sahihi, lakini zina hila ndani yake. Zinaupa uso upungufu, ambao hauna uso, na papo hapo zinauficha uso wa mtu aliyepewa fedha za madawati. Mwanafunzi akizoea kuandika hivyo bila kujiuliza, atakua akidhani kwamba mabaya yote hujileta yenyewe, kama mvua. Ni wajibu wetu kumwuliza pembeni ya sentensi yake: nani hasa?

MANENO YETU WENYEWE

Tukigeukia Kiswahili twakuta hazina ya maneno, na kila moja lina picha yake.

"Kupinga" ni neno la Kibantu, na picha yake ni ya kitu kilichokingama. Gogo likilala njiani, limeipinga njia. Katika ukoo huo tunayo pingamizi, mpinzani, upinzani, na hata pingu za mikononi. Sasa, gogo halihitaji uso ili lipinge. Inatosha lilale. Kadhalika mtu aweza kumpinga mwenziwe kwa kunyamaza, kwa kulichelewesha jalada lake ofisini, kwa kutohudhuria mkutano alioitisha, au kwa kumsengenya barazani. Anayepingwa hivyo huona tu kwamba njia imefungwa, wala hajui amwulize nani.

"Kukabili" limetoka katika Kiarabu, na ukoo wake ni wa ajabu. Ndugu zake ni "kabla", yaani kilicho mbele kwa wakati. "Kibla", yaani upande ambao mwenye kusali huuelekezea uso wake. "Mkabala", yaani kinachoelekeana na kingine. Na "mustakabali", yaani wakati unaotujia. Lakini ndugu yake mwingine, wa mzizi ule ule, ni "kubali". Kukabili na kukubali ni watoto wa nyumba moja! Hatusemi kwamba waliotuachia maneno haya walikusudia kutuhubiria, wala asili ya neno haiwezi kuwa hoja ya kutosha katika jambo la maadili. Hata hivyo ukoo huu unatukumbusha jambo ambalo tungeweza kulisahau. Anayemwelekezea mwenziwe uso amekwisha kukubali jambo moja kabla ya ugomvi wowote: amekubali kwamba mwenziwe yupo, na kwamba anayo sauti ya kumjibu.

Liko tena neno "kusuta", ambalo watu wa pwani wanalijua vyema. Mtu aliyepeleka maneno ya uongo huitwa, akawekwa mbele ya yule aliyemzulia na wale aliowaambia, akasutwa. Hili ndilo tafsiri ya karibu kabisa ya fungu la nne tulilolitaja. Lakini shabaha ya kusuta ni kuaibisha. Msutwaji haulizwi, anaambiwa. Ndiyo maana neno hilo limefaa sana katika usemi wetu kwamba nafsi inamsuta mtu. Nafsi haiulizi maelezo, kwa sababu inayajua yote. Sisi wanadamu hatuyajui yote, na kwa hiyo hatuna ruhusa ya kumtendea mwenzetu kama nafsi yake inavyomtendea.

Basi, kupinga kwaweza kutendwa bila uso, na kusuta huutaka uso wa mtu ili uone haya. Kukabili hutoa uso na kuupokea uso. Na tukitia kiambishi cha kutendana tunapata "kukabiliana", kitenzi ambacho sarufi yake yenyewe haikubali mtenda mmoja. Wa upande huu anamtazama wa upande ule, na wa upande ule anamtazama yeye. Wahenga wamesema vita havina macho. Kukabiliana kunayo, tena manne.

KUKABILIWA NI HAKI

Huenda msomaji akaona kwamba tumelipamba neno kupita kiasi. Na tutazame basi mahali ambapo watu waliolipima kwa mizani ya sheria wamelitia.

Marekebisho ya Sita ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanampa mshtakiwa wa jinai haki kadhaa. Mojawapo imeandikwa kwa kitenzi hiki hiki tunachokijadili, nacho kimewekwa katika kauli ya kutendwa: mshtakiwa anayo haki ya kukabiliwa na mashahidi wanaomshtaki. Jambo hili lastahili kutafakariwa. Tumezoea kufikiri kwamba kukabiliwa ni adhabu, au walau ni bahati mbaya. Waandishi wa kifungu hicho waliona kinyume chake. Waliona kwamba dhuluma kubwa ni kuhukumiwa kwa maneno ya mtu usiyemwona, ambaye huwezi kumwuliza alisimama wapi na aliona nini. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo, katika ibara ya 28, inamhakikishia mshtakiwa nafasi ya kuwahoji mashahidi. Maneno ni tofauti, lakini shabaha ni moja.

Kutokana na hayo tunaweza kulijibu swali letu la mwanzo. Mtu anayetupinga anatudai uso. Hatudai tumkubalie, wala hatudai tumpende. Anatudai tumjie mbele, tumwambie hoja yetu yeye mwenyewe badala ya kuwaambia rafiki zetu, na tubaki pale mpaka ajibu. Kumnyima hayo ni kumdhulumu, hata kama katika jambo lenyewe haki iko kwetu.

Utamaduni wetu wa ushairi ulilijua hili zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alilumbana na washairi wa Lamu katika siku za uhasama mkali baina ya miji hiyo. Ada ya malumbano ni kwamba anayejibu huifuata bahari aliyoitumia mwenziwe, na mara nyingi hata vina vyake. Huwezi kufanya hivyo bila kulisoma kwanza shairi la mpinzani wako, neno kwa neno, mpaka mizani yake ikukae masikioni. Naye Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, kulizuka mjadala mkali baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Mjadala huo uliendeshwa kwa maandishi, watu wakitia majina yao, na kila upande ukilazimika kueleza ushairi ni nini hasa. Sote tunaofundisha ushairi leo tunakula matunda ya mabishano yale.

KABAKA, GAVANA NA AMRI

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1927 William Gowers, aliyekuwa Gavana wa Uganda, aliandika waraka akipendekeza Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya elimu na ya utawala katika nchi. Sababu zake zinaeleweka: nchi ina lugha nyingi, na nchi za jirani zilikuwa zimekwisha kukitumia. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa wa Buganda aliandika hadharani kulipinga wazo hilo. Alikataa katakata Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Waganda mahali pa lugha yao wenyewe.

Wako wanaomtaja Kabaka huyo kama adui wa Kiswahili, kisha wakafunga kitabu. Lakini tuipime hali yake. Kiganda kilikuwa na Biblia kamili tangu mwaka 1896, na magazeti yake yalikuwa yakisomwa. Halikuwa jambo la ajabu kwa watu wenye lugha iliyoandikwa hivyo kuuliza kwa nini waiache. Aidha, katika miaka ile ile palikuwa na mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki chini ya utawala mmoja, na Waganda walikuwa wameona jinsi walowezi walivyojitwalia ardhi nchini Kenya. Walihofia kwamba lugha moja ingekuwa mlango wa muungano, na muungano ungekuwa mlango wa kupoteza ardhi. Twaweza kuikataa hofu hiyo leo. Hatuwezi kuiita upuuzi.

Isitoshe, tazama namna alivyopinga. Alikuwa mtawala chini ya utawala wa kikoloni, naye alimpinga Gavana kwa maandishi, kwa jina lake, mbele ya watu, akitoa sababu ambazo Gavana angeweza kuzijibu. Huko ndiko kukabili. Sisi tunaokipenda Kiswahili tunaweza kusema kwamba Kabaka hakuwa upande wetu, na papo hapo tukasema kwamba alitutendea haki, kwa kuwa alituachia hoja ambazo tunaweza kushindana nazo hadi leo.

Miaka zaidi ya arobaini baadaye, mwaka 1973, Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya Idi Amin. Kweli, wajumbe wa wilaya walikuwa wameulizwa kabla yake, na walio wengi walikichagua Kiswahili badala ya Kiganda. Lakini Bunge lilikuwa limekwisha kuondolewa tangu mwaka 1971, na nchi ilikuwa ikitawaliwa kwa amri. Wachache walioshindwa hawakuwa na mahali pa kusimama wakasema neno la pili. Kura zilihesabiwa, nyuso hazikutazamana. Na nini kilifuata? Lugha ilipata jina la lugha ya taifa, lakini haikupata nafasi ya maana katika shule. Katiba ya mwaka 1995 ilikitaja Kiingereza peke yake kuwa lugha rasmi, na ilibidi tungoje marekebisho ya mwaka 2005 ndipo Kiswahili kitajwe kuwa lugha rasmi ya pili. Mpinzani asiyejibiwa haondoki, hungoja.

Liko jambo la sarufi hapa ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulipita. Kwa muda mrefu Kiswahili nchini Uganda kilikuwa lugha ya jeshi na ya polisi, tangu enzi ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902. Raia wengi walikutana nacho kwenye vizuizi vya barabarani. Walikisikia kikisema: Simama! Lala chini! Toa kitambulisho! Mwanzoni mwa miaka ya 1980 misako ya kijeshi mjini Kampala, ambamo watu walizolewa na kupakiwa katika malori, ilijulikana kwa maneno mawili ya Kiswahili: "Panda gari". Watu hawa waliipata lugha yetu katika hali moja tu ya kitenzi, nayo ni hali ya kuamuru. Na amri haijibiwi. Hutiiwa au huadhibiwa. Je, ni ajabu kwamba wengi waliichukia? Walikuwa wameona mdomo wa lugha bila ya masikio yake.

ADABU, NGUVU NA HILA

Tunatazamia kwamba wenzetu wataleta hoja tatu dhidi ya haya tuyasemayo, nazo ni hoja zenye uzito.

Ya kwanza ni ya adabu. Watasema: Sisi si watu wa kukaripiana machoni. Mkwe hamkabili mkwewe, wala kijana hamkabili mzee. Uso umeumbwa na haya. Twakubali. Lakini kukabili si kukaripia. Ndiyo maana katika jamii zetu nyingi jambo zito hupelekwa kwa wazee, au hupitia kwa mshenga. Wazee hao hawaweki pazia baina ya wagomvi. Huwaketisha, humsikiliza huyu, humsikiliza yule, na kila mmoja husikia aliyosemwa. Adabu imechagua mlango wa kuingilia, haikuifunga nyumba. Adabu inayomzuia mtu kusema mbele ya mwenziwe, kisha ikamruhusu kusema nyuma yake, hiyo si adabu tena.

Ya pili ni ya nguvu. Mkono usioweza kuukata, ubusu, wasema wahenga; na tena, mwenye nguvu mpishe. Hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Deni la uso halimlazimu mnyonge ajitoe mhanga. Mtu aliyelala chini mbele ya bunduki hakuwa na wajibu wa kumtazama askari machoni, na wala asilaumiwe kwa kuinamisha kichwa. Kadhalika mtoto aliyedhulumiwa na mtu mzima asilazimishwe kusimama mbele yake na kuyasimulia yote. Mshtakiwa ataelezwa shtaka lake kikamilifu na atalijibu, lakini mtoto atakingwa. Deni hili ni kubwa zaidi kwa mwenye nguvu. Ni wajibu wa mkuu kuliko wa mdogo, wa serikali kuliko wa raia, na katika darasa ni wajibu wa mwalimu kuliko wa mwanafunzi. Methali tulizozitaja ni shauri kwa mnyonge. Si ruhusa kwa mwenye nguvu.

Ya tatu ni ya hila. Wako wapinzani wasiotaka jibu. Unamjibu hoja ya kwanza, analeta ya pili. Unajibu ya pili, anarudia ya kwanza. Je, huyo naye tunadaiwa naye? Tunasema ndiyo, mara moja kwa ukamilifu. Ukishamjia mbele, ukamsikiliza, ukamjibu kwa uwazi, umelipa. Hulazimiki kukaa pale maisha yako yote. Lakini usimhesabu mtu kuwa mwenye hila kabla hujamjibu hata mara moja, kwani huo ndio udhuru wa wavivu wengi.

WAJIBU ULIO MBELE YETU

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayotumika nchini, na kikapendekezwa kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wengi wetu tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini yafaa tukumbuke kwamba huu nao ni uamuzi uliotoka juu. Mwalimu anaweza kuingia darasani akiwa ameushika uamuzi huo kama askari anavyoshika kirungu. Anaweza pia kuingia akijua kwamba kazi ya kukabiliana na wapinzani haikufanywa na mawaziri, wala hawawezi kuifanya kwa niaba yake.

Tuchukue mkutano wa wazazi, ambao kila shule inao. Mzazi mmoja wa makamo anasimama na kusema kwamba hataki mwanawe afundishwe lugha ya wanyang'anyi. Mwalimu wa Kiswahili yuko pale, na watu wote wanamgeukia. Afanye nini?

Anaweza kupinga kwa njia ya gogo: aseme kwamba hilo ni agizo la serikali, na ajenda ifuatayo itajwe. Anaweza kusuta: amwambie mzee yule kwamba ni mtu wa kale asiyejua kwamba Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Watu watacheka, na mzee ataketi. Njia zote mbili zitamnyamazisha, wala hakuna hata moja itakayomjibu.

Au anaweza kumkabili. Kumkabili kutaanza kwa kuuliza: Mzee wetu, uliisikia wapi kwanza lugha hii, na waliokuambia walikuambia nini? Mwalimu asiulize kwa hila, bali kwa kutaka kujua. Akielezwa, asifanye haraka kuyapunguza aliyoelezwa. Yaliyotendeka yalitendeka, na yalisemwa kwa Kiswahili. Baadaye aseme lililo lake: kwamba lugha iliyoamrisha watu kupanda malori ndiyo hiyo hiyo inayowaunganisha wachuuzi wa Busia wa pande zote mbili za mpaka, na kwamba mtoto anayeijua hataweza kutishwa kwayo. Halafu mzee aachiwe nafasi ya kusema tena.

Lakini maneno peke yake hayatoshi, na hapa ndipo tunapoona jambo linalotuhusu zaidi. Hoja ya Kabaka Daudi Chwa ingali hai, nayo si hoja ya wanyang'anyi. Ni hoja ya mtu anayeuliza kama lugha yake itabaki. Katika shule nyingi za nchi hii watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao, wakivishwa shingoni kibao au mfupa wa aibu ili wajifunze Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili hana mamlaka juu ya mambo mengi, lakini juu ya hili anayo: asimwadhibu mtoto yeyote kwa kusema Kiganda, Kiacholi, Kiteso au Kinyankole. Akiweza kuahidi hivyo mbele ya wazazi, na akaitimiza ahadi yake, atakuwa amemjibu Kabaka kwa kitendo, jambo ambalo waraka wa Gavana haukulifanya, wala amri ya mwaka 1973.

Darasani nako iko kazi ndogo lakini yenye maana. Vitabu vingi vya kuanzia huwatanguliza watoto katika maagizo: simama, keti, fungua kitabu. Maagizo yana manufaa yake, na hatusemi yaondolewe. Lakini kauli ya kutendana isingojeshwe hadi madarasa ya juu. Watoto wafundishwe mapema kuulizana, kujibizana, kusikilizana, kukabiliana. Wapewe mada wanayohitilafiana, na kabla mmoja hajajibu, ayaeleze maneno ya mwenziwe mpaka mwenziwe akiri kwamba ndivyo alivyosema. Huo ndio ufuataji wa vina katika lugha ya nathari, na watoto huupenda kama mchezo.

Mzazi wetu aweza kuondoka mkutanoni bado anapinga. Hiyo ni haki yake, nasi tusijidanganye kwamba kila anayekabiliwa hukubali, ingawa maneno hayo mawili ni ndugu. Lakini ataondoka akimjua kwa jina mwalimu aliyemjibu, na mwalimu atabaki akiijua sababu ya mzazi. Muhula ujao watakapokutana tena, itawapasa kuanzia pale walipoachia.